Ujumbe wa Draiva: Utaujuaje Ulioandikwa na Fundi

Kondakta pale Kongowea akiita "twende, twende" bila kutaja Bamburi wala Mtwapa, abiria hajui apande au angoje. Draiva nyingi za kompyuta huita vivyo hivyo. Kifaa kikigoma, zinaandika neno moja tu kwenye logi, "failed", na fundi aliyeshika bisibisi kibandani Kisauni anabaki kukisia.

Draiva ninayosema ni ile programu inayoiwezesha mashine kuelewana na printa, modemu au mizani. Haina uso wala sauti. Mdomo wake ni jumbe inazoacha kwenye logi. Ukitaka kupima ustadi wa aliyeiandika, anza kwa kusoma hizo.

Chukua mstari huu, ambao watumiaji wa Linux wanaujua sana: "usb 1-1: device descriptor read/64, error -110". Mwanzo umetaja mahali: njia ya kwanza ya USB, tundu la kwanza. Katikati umetaja kitendo: kusoma maelezo ya kifaa, kwa ombi la baiti 64. Mwisho umetaja jibu: -110, yaani muda umekwisha na kifaa kimya. Ingekuwa -71, habari ingekuwa nyingine: mazungumzo yamevurugika njiani. Huku Likoni, ambako hewa ya chumvi hula pini za plagi, nikiona -71 naanza na waya kabla sijafungua mashine.

Lawama yangu kwa mstari huo ni ile namba tupu. Asiyezihifadhi kichwani itabidi akatafute. Tangu toleo la 5.5 la kerneli, yaani kiini cha Linux, lililotoka Januari 2020, mwandishi anaweza kutumia %pe na jina la kosa likachapwa lenyewe. Draiva mpya inayochapa namba tupu mimi huipunguzia alama.

Kipimo kigumu zaidi ni kujua kunyamaza. Nafasi ya logi ya kerneli ina mpaka. Ikijaa, mstari mpya hufuta ulio mkongwe kuliko yote. Niliwahi kupoteza alasiri nzima Changamwe mbele ya mashine ya ghala, draiva ya mizani ikirudia lalamiko lile lile bila kukoma. Mstari wa kwanza, uliobeba chanzo cha tatizo, ulikuwa umeshafutwa na makelele yaliyoufuata, na kasoro niliipata kwa kubahatisha. Mwandishi mzuri hujifunga mdomo mwenyewe: amri ya dev_err_ratelimited, kwa mpangilio wake wa kawaida, huruhusu jumbe 10 katika kila sekunde 5.

Tazama na ngazi za jumbe. Ziko 8, kuanzia 0 ya maafa hadi 7, ambayo ni ya fundi anayefuatilia hitilafu. Draiva inayongoja kifaa kingine kiamke kwanza haijashindwa, imeahirisha tu. Lakini nyingi za zamani zilipiga ukelele wa kosa kila zilipongoja. Amri ya dev_err_probe, iliyoingia katika toleo la 5.9 mwaka huo huo wa 2020, huishusha subira hiyo hadi ngazi ya 7, na kosa la kweli hulichapa kwa jina. Ukiikuta ndani ya msimbo, jua mwandishi wake yuko macho. Ukikuta "niko hapa 1", "niko hapa 2", hayo ni mabaki ya usiku wa kusaka hitilafu, na yalipaswa kufagiliwa. Mahali pake panafaa dev_dbg: kerneli ikiwa imewezeshwa kwa hilo, jumbe zake hulala mpaka fundi aziamshe, faili kwa faili, bila kujenga upya chochote.

Nawe unayeandika draiva, kabla hujaitoa, chomoa waya kifaa kikiwa kazini, kisha mpe logi mtu ambaye hajauona msimbo wako. Akikuambia ni kifaa gani, kilikuwa kikifanya nini na kimejibu nini, itoe. Akikuuliza wewe, rudi ukaandike upya.