Mtoto si "wa Macho" wala "wa Masikio"

Hebu fikiria mwanao ndiyo kwanza ameanza shule, halafu unaambiwa: "Huyu ni mtoto wa vitendo, si wa kusoma." Ungefurahi? Mimi ningeshtuka.

Marekani kuna shule za mkataba: ni za umma, hazitozi ada, ila zina uhuru mkubwa wa kuchagua namna ya kufundisha. Minnesota ndiyo iliyopitisha sheria ya kwanza ya shule hizi, mwaka 1991. Baadhi ya zile za msingi hujinadi kuwa zinamfundisha kila mtoto kwa mtindo wake: kuona, kusikia au kutenda. Nia ni njema, maana darasani wamo wanaojifunza Kiingereza ukubwani kidogo, wenye ulemavu, na waliowatangulia wenzao. Shida ni ushahidi.

Dai hili lingepimwaje? Gawa watoto kwa mitindo yao. Kisha kwa bahati nasibu, nusu ya kila kundi ifundishwe kwa picha, nusu kwa sauti. Wape wote mtihani uleule. Dai likiwa kweli, wa picha watafaulu zaidi kwa picha, na wa sauti kwa sauti. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipekua tafiti zilizokuwepo. Kumbe zilizopima hivyo ni chache mno, na kadhaa kati yake zililipinga dai lenyewe.

Ngoja, sisemi watoto wote ni sawa. Asiyeona anahitaji nukta nundu. Anayejifunza Kiingereza anahitaji msamiati. Hizo ni tofauti halisi, na mwalimu anaweza kuzifanyia kazi. Tena mara nyingi somo lenyewe ndilo huamua njia: ramani huonwa, matamshi husikilizwa, kwa kila mtoto.

Hatari iko kwenye lebo. Mtoto ambaye hajashika herufi na sauti zake akiitwa "wa vitendo", anaweza kupewa udongo wa kufinyanga badala ya mazoezi ya kusoma. Na ripoti ya jopo la kitaifa la usomaji la huko Marekani, mwaka 2000, ilionyesha kwamba kufundisha herufi na sauti kwa mpangilio huwasaidia watoto kusoma.

Kwa hiyo siku ukiwa mzazi au mwalimu, usiulize mtoto ana mtindo gani. Uliza: anajua nini tayari, na amekwama wapi?