Huyu ni Mtoto wa Nani?

Julai 2020, Benjamin Mkapa alipozikwa Lupaso, kamera zilijaa kijijini. Wageni waliosogea kaburini walitajwa kwa jina na kwa cheo. Siku ile hunijia kila ninapofungua kitabu cha Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig, aliyepita Masasi, Chingulungulu na Newala mwaka 1906 akiwa na kamera, mashine ya kunasa sauti na msururu wa wapagazi. Kitabu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na mwaka uliofuata kwa Kiingereza, kwa tafsiri ya Alice Werner. Leo kinasomwa bure mtandaoni. Picha zake ndizo tunazotumiana kwenye simu, tukiziita “Wamakonde wa kale” na kushangaa kidogo kabla ya kuendelea na mengine.

Ni picha nzuri, sitaki kumnyima sifa yake. Ndonya kwenye mdomo wa juu, nembo zilizochanjwa usoni, vyote vinaonekana wazi. Anayetaka kujua mabibi zetu wa uwanda wa juu walijipamba vipi hawezi kumkwepa Weule.

Shida iko chini ya picha, kwenye maelezo. Matola, mkuu wa Wayao wa Chingulungulu, ametajwa kwa jina lake. Pesa Mbili, mnyapara wa wapagazi, alipewa penseli na karatasi achore, na michoro yake ikachapishwa ikiwa na jina lake. Lakini ukifika kwa wanawake, mara nyingi unakuta kabila na mahali tu: Mmakua wa bonde la Lukuledi, Wamakonde wa Mahuta. Kioo cha kamera kilihifadhi nembo, kikampoteza mwenye nembo. Na nembo haijichanji yenyewe. Yuko fundi aliyeichanja, yuko mama aliyemshika binti mkono wakati damu inatoka.

Najua utetezi wake: ndivyo walivyoandika watafiti wa zama hizo. Nakubali nusu tu. Mtu aliyeweza kuandika “Matola” na “Pesa Mbili” alijua kuuliza jina. Kwa wanawake hawa hakuona haja.

Tena angalia mwaka. Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, misheni ya Masasi ilichomwa moto. Haujapita mwaka, Weule anawasili akisindikizwa na askari wa serikali ileile iliyokuwa ikiwasaka wapiganaji. Wahakiki wa picha hupenda kusoma macho ya watu: huyu ana hofu, huyu ana kiburi. Mimi sithubutu. Ninachojua ni kwamba askari hakuwa mbali na kamera, na sisi tunaotazama hatumwoni.

Linganisha na Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit. Mteja wa studio alivaa nguo zake nzuri, akalipa, akaondoka na nakala. Picha ya namna hiyo ina ukoo unaoidai. Za Newala zilipanda meli.

Kwa hiyo sifurahii sana tunaposema tumezihifadhi kwa sababu tumezipakua, au tumezitia rangi kwa programu ya simu. Programu inabahatisha tu. Haijui kaniki, na hivyo inamvisha bibi wa watu bluu ya mashati ya shule. Kazi yenyewe ni ya miguu: chapisha kurasa, zipeleke Mahuta, Newala, Masasi, ukae na wazee, uandike wanachosema kuhusu nguo, mlima ulio nyuma, mkono uliochanja. Na ifanyike mapema, maana wanaozisoma nembo wanapungua.

Nilijaribu mara moja, Lupaso, kwa kurasa nne tu. Bibi mmoja alizishika karibu na macho, akapitisha kidole juu ya shavu la yule mwanamke.

“Mjukuu wangu, huyu ni mtoto wa nani?”

Nikamsomea kilichoandikwa: kabila, basi. Akanitazama kama mtu anayengoja sentensi iishe, kisha akaigeuza karatasi aone kama nyuma kuna kitu.