"Haukufanyika" au "Haujathibitishwa"? Uhakiki wa Kiswahili cha Miamala katika Programu za Wavuti

Ikisiri

Makala hii inahakiki lugha ya ujumbe ambao programu za wavuti humpa mtumiaji baada ya kubonyeza kitufe cha kulipa au cha kuwasilisha fomu. Hoja yake ni kwamba ujumbe wa Kiswahili wa aina hiyo umezoea kutaja hali mbili tu, kufaulu na kushindwa, ilhali mfumo wenyewe una hali ya tatu, yaani kutojua. Makala inaonesha kuwa sarufi ya Kiswahili inayo njia ya kuieleza hali hiyo, na kwamba kuipuuza kunaweza kumgharimu mtumiaji fedha zake.

Utangulizi

Tuchukue mfano wa mzazi anayelipa ada ya shule ya shilingi 150,000 kupitia tovuti. Anabonyeza kitufe cha kulipa, duara linazunguka kwa muda, kisha skrini inaandika: "Muamala haujafanikiwa. Tafadhali jaribu tena." Mzazi anatii. Baadaye anakuta fedha zimekatwa mara mbili. Jambo kama hili likitokea, lawama huelekezwa kwa mtandao. Hata hivyo, mtandao haukumwambia mzazi alipe mara ya pili. Aliambiwa hivyo na sentensi ya Kiswahili, iliyoandikwa na mtu na kuwekwa katika programu kabla malipo hayo hayajaanza.

Sentensi hiyo ndiyo inayohakikiwa hapa. Wataalamu wa lugha wameshughulika sana na istilahi za tehama, yaani kifaa fulani kiitweje, na kidogo mno na sentensi ambazo vifaa hivyo huwatamkia watu. Upungufu huo hauhusu ufasaha peke yake. Ujumbe wa muamala ni kauli yenye dhima: anayeusoma hulipa, huacha kulipa, huondoka dukani au hurudi benki kwa sababu yake.

Muamala kama mapatano

Jim Gray, mmoja wa waasisi wa nadharia ya miamala ya kompyuta na mshindi wa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998, alieleza katika makala yake ya mwaka 1981 kwamba dhana hiyo ina asili yake katika sheria ya mikataba: pande mbili hujadiliana, kisha hufungwa na mapatano. Kiswahili hakikuhitaji kukopa picha hiyo. Neno "muamala", lenye asili ya Kiarabu, limebeba tangu zamani maana ya shughuli baina ya watu. Katika fikihi, miamala ndiyo sehemu inayohusu kuuziana, kukopeshana na kukodishana, tofauti na ibada. Kwa hiyo neno lenyewe linadai kuwepo kwa pande mbili na kwa neno la mwisho baina yao.

Mwaka 1983 Theo Härder na Andreas Reuter walizikusanya sifa nne za muamala katika kanzidata. Ya kwanza ni kutogawanyika: ama hatua zote zinafanyika, ama hakuna hata moja. Fedha zikitoka akaunti ya mzazi, sharti ziingie akaunti ya shule. Nusu ya tendo hairuhusiwi. Ya pili ni uwiano: kanuni za hesabu zisivunjwe. Ya tatu ni utengano: miamala inayokwenda kwa wakati mmoja isivurugane. Ya nne ni udumifu: kilichokwisha kukamilishwa kisipotee hata umeme ukizimika. Ili kuupata udumifu huo, kanzidata nyingi huandika mabadiliko katika daftari la kumbukumbu kabla ya kuyatia mahali pake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wahandisi wa kanzidata wamefuata hekima hiyohiyo.

Ndani ya kanzidata, basi, hakuna utata. Kuna nukta moja ya ukamilisho: kabla yake muamala unaweza kutanguliwa wote, baada yake unabaki. Utata huanza habari ya nukta hiyo inapotakiwa kusafiri hadi kwa mtu aliyeshika simu.

Pengo ambalo mtandao bora hauwezi kulifuta

Ombi la mzazi linaweza kukwama mahali patatu. Linaweza kupotea njiani kabla ya kuifikia seva. Linaweza kufika, likakutana na hitilafu, na kanzidata ikalitangua lote. Tena linaweza kufika, likakamilishwa na kuandikwa daftarini, kisha jibu likapotea wakati wa kurudi. Kwa kivinjari cha mzazi, hali ya kwanza na ya tatu zinafanana kabisa, kwani zote mbili ni ukimya. Lakini katika hali ya kwanza hakuna kilicholipwa, na katika ya tatu kila kitu kimelipwa.

Washauri wa sera huweza kutumaini kwamba tatizo hili litakwisha mkongo wa mawasiliano utakapofika kila wilaya. Tumaini hilo halina msingi wa kinadharia. Fumbo la majenerali wawili, lililojadiliwa na wanasayansi wa kompyuta tangu miaka ya 1970, linaeleza sababu. Majeshi mawili ya upande mmoja yametenganishwa na bonde lenye adui, na yanapatana saa ya kushambulia kwa kutumana tarishi. Kila tarishi aweza kutekwa. Kwa hiyo kila ujumbe unahitaji jibu, na kila jibu linahitaji jibu lake. Hakuna idadi ya ujumbe itakayozipa pande zote mbili uhakika kamili. Mtandao bora hupunguza nyakati za kutojua, hauziondoi. Kwa hiyo, lugha inayoikiri hali ya kutojua itahitajika daima.

Uhakiki wa sentensi

Sarufi ya Kiswahili inatofautisha bayana "haukufanyika" na "haujafanyika". Kiambishi "-ku-" cha ukanushi hulifunga jambo, na "-ja-" huliacha wazi. Anayeambiwa mgeni hakuja huondoa sahani mezani. Anayeambiwa mgeni hajaja huifunika. Tofauti hii, ambayo mzungumzaji huitumia bila kufikiri, ndiyo inayotakiwa na programu ya wavuti.

Ujumbe aliopewa mzazi unaivuruga. "Haujafanikiwa" inauacha mlango wazi, kwa maana kwamba jambo bado linaweza kufanikiwa. Sentensi inayofuata, "jaribu tena", inaufunga, kwa sababu hakuna anayerudia jambo ambalo bado linaendelea. Kiambishi kinamwambia msomaji asubiri na kitenzi cha amri kinamwambia atende. Chanzo cha mgongano huu kinaonekana kuwa tafsiri. Kiingereza hutumia neno moja la kushindwa kwa hitilafu iliyotanguliwa na kwa ukimya wa mtandao, na mfasiri asiyeoneshwa hali ya mfumo huchagua kiambishi kwa mazoea.

Hata hivyo, kuchagua "-ja-" hakutoshi. Kitenzi nacho kina kazi yake. "Muamala haujafanyika" ni dai kuhusu muamala, na katika hali ya tatu ni dai la uongo, kwa kuwa muamala umekwisha kufanyika. "Muamala haujathibitishwa" ni dai kuhusu ujuzi wa msemaji, na ni kweli katika hali zote mbili za ukimya. Kwa hiyo, "haukufanyika" itumike pale tu seva inapojua kwamba kanzidata imetangua, na "haujathibitishwa" pale ambapo hakuna ajuaye.

Kasoro nyingine iko upande wa yakini. Sentensi "Malipo yako yamepokelewa" huweza kuandikwa mara ombi linapoifikia seva, kabla ya nukta ya ukamilisho. Kilichopokelewa hapo ni ombi, malipo bado. Kiambishi "-me-" kinamwonesha msomaji matokeo yaliyokwisha kusimama, naye ana haki ya kuyategemea. Kauli ya haki ingekuwa "Ombi lako limepokelewa, malipo yanashughulikiwa", na neno "yamekamilika" lingehifadhiwa kwa wakati daftari limekwisha kuandikwa.

Mfano mwema haupo mbali. Ujumbe mfupi wa M-Pesa, huduma iliyozinduliwa nchini Kenya mwaka 2007, umewazoesha watumiaji utaratibu ulio wazi: namba ya pekee ya muamala, neno la kuthibitisha, kiasi, mhusika na salio. Mnunuzi na muuzaji hujua kwamba ujumbe usipofika, neno halijakamilika. Tovuti nyingi bado hazijaupa ukurasa wao wa mwisho uzito wa risiti kama hiyo.

Kutangua, kurejesha na kufidia

Istilahi nayo inahitaji kusahihishwa. Tendo la kanzidata la kuufuta muamala usiokamilika hupewa jina la "kurejesha". Kwa mhandisi neno hilo halina tatizo, kwani kanzidata inarejea ilivyokuwa. Kwa mwenye fedha lina maana nyingine. Akiambiwa "Muamala umerejeshwa", anasubiri fedha zirudi, hali hazikutoka kamwe. Anafungua malalamiko kuhusu deni lisilokuwepo, na ofisi inatumia muda kumthibitishia jambo ambalo neno moja lingelimaliza.

Neno "kutangua" linafaa zaidi. Ahadi hutanguliwa, na ndoa pia; kilichotanguliwa hakidai malipo ya kurudi. "Kurejesha" libaki kwa fedha zilizotoka kweli na kurudishwa. Aidha, kuna tendo la tatu. Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem walionesha mwaka 1987 kwamba shughuli ndefu inaweza kugawanywa katika miamala midogo, na hatua ya mbele ikishindikana, zile zilizokamilika hufutwa athari zake kwa miamala mingine ya kinyume. Hicho si kutangua, kwa sababu daftari linaonesha matendo yote mawili. Neno "kufidia" linakitosha. Maneno haya matatu yakitenganishwa, mkaguzi wa hesabu, mhandisi na mzazi wataweza kuzungumzia tukio moja bila kupishana.

Lugha haiwezi kusema ambacho mfumo haukukihifadhi

Pingamizi la haki laweza kutolewa hapa: maneno mazuri hayatamrudishia mzazi shilingi zake. Ni kweli. Sentensi haiwezi kuwa ya kweli ikiwa mfumo haukujengwa kuijua kweli hiyo. Kwa hiyo uhakiki wa lugha unageuka kuwa matakwa ya kiufundi.

Kwanza, "jaribu tena" iruhusiwe pale tu kurudia hakuongezi athari, kama vile kuzima taa iliyokwisha kuzimwa. Njia inayojulikana ni kulipa kila ombi namba ya pekee kabla halijatumwa. Ombi likija mara ya pili na namba ileile, kanzidata hulitambua na kurudisha jibu la kwanza badala ya kukata fedha upya. Kuzima kitufe baada ya kubonyezwa ni msaada mdogo tu, kwa sababu mtumiaji aweza kuufungua ukurasa upya.

Pili, programu inapotegemea mfumo wa nje, kwa mfano kampuni ya simu, tendo la huko haliwezi kutanguliwa na kanzidata ya hapa. Nia ya kutuma iandikwe katika muamala uleule unaoandika deni, kisha kazi nyingine iitume na kuirudia hadi ipate jibu, kwa namba ileile ya ombi. Tatu, kuwe na ukurasa wa kuuliza hali ya muamala kwa namba hiyo. Bila ukurasa huo, "haujathibitishwa" ingemwacha msomaji hewani.

Pingamizi la pili ni urefu, kwa kuwa ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya herufi 160. Sentensi ifuatayo inaenea na nafasi inabaki: "Malipo hayajathibitishwa. Usilipe tena. Angalia hali kwa namba ya ombi lako." Pingamizi la tatu ni zito zaidi. Kiswahili kinazidi kupata hadhi miongoni mwa majirani. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Kwa msomaji ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu, tofauti ya "-ku-" na "-ja-" yaweza kupita bila kuonekana. Ndiyo maana ujumbe usiegemee kiambishi peke yake. Agizo "Usilipe tena" ndilo linalolinda fedha, na kiambishi hulipatanisha agizo hilo na ukweli.

Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba hali ya kutojua ni sehemu ya kudumu ya muamala unaopita mtandaoni, na kwamba Kiswahili kina sarufi ya kuieleza kwa uaminifu. Kinachokosekana ni utaratibu. Mikataba ya kununua mifumo ya umma iwe na jedwali la hali zote za muamala, kila hali na sentensi yake ya Kiswahili, na mtaalamu wa lugha aketi na mhandisi wakati jedwali hilo linapoandikwa badala ya kuletewa maneno ya kutafsiri mwishoni. Kabla ya mfumo kupokelewa, ufanyiwe jaribio moja: mawasiliano yakatwe mara tu baada ya nukta ya ukamilisho, kisha kisomwe kilichoandikwa kwenye skrini. Ikiwa skrini inasema "jaribu tena", na kulipa upya kunakata fedha mara ya pili, mfumo huo haustahili kupokelewa.