Herufi Nane

Wanaosimulia historia ya mifumo endeshi ya kompyuta za mwanzo hucheka wakifika kwenye majina ya mafaili. Herufi nane, nukta, kisha herufi tatu. Kwao ni kituko kidogo, kama suruali za bugaluu. Mimi nimeisoma MS-DOS kwanza kama karani, baadaye kama msomaji tu, na naona kasoro yake kubwa ipo hapo hapo wanapochekea.

Nilikutana nayo Singida mjini mwaka 1993, katika ofisi ya chama kimoja cha wakulima wa alizeti. Mashine ilikuwa ya mtumba. Haikuwa na diski kuu, ila matundu mawili ya disketi: A ya mfumo, B ya kazi zetu. Kila asubuhi iliniuliza tarehe, yenyewe ikidai kuwa leo ni tarehe 1 Januari 1980, maana ndipo kalenda yake inapoanzia na haikuwa na betri ya kuikumbusha. Mzee wetu wa uhasibu alikuwa akipita nyuma yangu na kuuliza, "Mwanangu, bado iko themanini?" "Bado, mzee." Tena ilitaka mwezi utangulie siku, Kimarekani, hivyo usipoangalia malipo ya tarehe 5 Juni yanakuwa ya tarehe 6 Mei. Hayo tuliyazoea. Vumbi la upepo wa Singida lilitusumbua zaidi.

Lililonishinda ni hili. Kwenye disketi kulikuwa na faili WANAODAI.TXT, orodha ya wakulima waliokuwa wakikidai chama fedha za alizeti yao. Jingine, MADENI.TXT, lilikuwa la waliokopa magunia na dawa wasilipe. Niliona majina hayaendani, nikaamua kuyapanga. Nikatoa amri ya COPY: MADENI.TXT linakiliwe kwa jina la WANAODAIWA.TXT. Mashine ikajibu kwamba faili moja limenakiliwa. Haikuuliza kitu.

Hesabu mwenyewe. W-A-N-A-O-D-A-I: nane. Zile mbili zilizobaki zilitupwa kimya kimya, na kwa kutupwa kwake wadaiwa wakageuka wadai. Orodha moja ikaikalia nyingine.

Siku chache baadaye alikuja mama mmoja kutoka upande wa Iramba kuchukua fedha zake. Nikatazama kwenye skrini, nikamwambia jina lake halimo. "Kijana, magunia manne nimeyapima kwa mikono yangu." Nikarudia: halimo. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na niliiamini skrini kuliko yule mama. Jina la jirani yake, aliyekopa dawa kwetu, lilikuwemo, na kiasi cha shilingi mbele yake. Mama akarudi mikono mitupu. Alilipwa mwezi uliofuata. Nauli ya safari ya kwanza hakurudishiwa.

Nane zenyewe zilitoka wapi? Mwaka 1974, huko California, Gary Kildall alitengeneza mfumo wa CP/M. Disketi za wakati huo zilikuwa na nafasi ndogo, hivyo kila faili likatengewa mstari wa baiti 32 kwenye orodha, kumi na moja kati ya hizo zikiwa za jina. Mwaka 1980 Tim Paterson wa Seattle aliandika mfumo wake kwa kufuata nyayo za CP/M ili programu zihamishike kwa urahisi. Microsoft wakaununua, IBM wakauza kompyuta yao nao mwaka 1981. (Mwaka huo huo wa 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wakati sheria za majina zinatungwa, sisi tulikuwa tumefunga mlango.)

Sina ugomvi na ubahili wa nafasi. Ugomvi wangu ni mahali kisu kilipopita. Kukata jina mwishoni ni kuamini kwamba maana imeshapita mwanzoni. Kwa Kiingereza mara nyingi ni kweli, maana mzizi hutangulia. Kiswahili hutanguliza viambishi. Mzizi unafuata, na ni nani kamtenda nani unakuja kulijua mkiani kabisa. Wanaolipa, wanaolipwa, wanaolipia, wanaolipana: kwa MS-DOS wote hao ni WANAOLIP.

Ndiyo maana mjadala wetu wa lugha na kompyuta huniacha nusu njaa. Tumebishana sana kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, nami nilifurahi kama mtoto wa sikukuu. Lakini bado tulikuwa tunahangaika na nomino. Mimi niliumizwa na kitenzi.

Niwe mwadilifu. Mfumo ule uliingia mzima kwenye disketi moja, na umeme ukikatika ukarudi, nao ulikuwa umesharudi kabla chai haijapoa. Tena ulijua kukataa: ningetumia amri ya REN, ya kubadili jina, ungeniambia jina hilo lipo. COPY haikufundishwa kuuliza mpaka toleo la 6.2, lililotoka mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1993 na ambalo halikufika ofisini kwetu. Windows 95 ikaruhusu majina marefu, ila chini kwa chini iliendelea kuweka jina fupi la kila faili. Wadaiwa wangu wangeitwa WANAOD~1.

Orodha ya wadai tuliirudisha kutoka daftari la mzee, kazi ya wiki nzima. Lilikuwa na kurasa mbili zinazotazamana, vichwa vyake kwa mkono: Wanaodai, Wanaodaiwa. Zile herufi mbili za mwisho alikuwa amezipigia mstari wa wino mwekundu, miaka mingi kabla mimi sijaajiriwa.