Pongezi kwa Shahada ya Sheria ya Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maarufu kama Mlimani, kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na shahada yake inastahili pongezi kwa kumzoeza kijana kupima hoja kabla ya kuiamini. Husoma mikataba, jinai, katiba, ushahidi. Ila uhondo uko kwenye ardhi, ambako Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua mila, papo hapo ikibatilisha ile inayomnyima mwanamke ardhi. Wapo wanaolalamika kwamba mhitimu hawezi kuwa wakili bila mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Kweli, lakini kuandika hati ya madai hufundishika kwa miezi. Kujua uzito wa dai huhitaji miaka. Wahadhiri, hongereni.