Tovuti Iliyopanda kwa Haki: Jinsi ya Kuitambua

Mkulima wa maembe wa Makueni anamjua broka kwa mlio wa lori lake. Broka hufika shambani, hutaja bei, na mkulima asiye na mnunuzi mwingine hukubali kwa shingo upande. Mfugaji nyuki wa Kitui naye ana broka wake. Ndiyo sababu ahadi ya tovuti huingia masikioni vizuri katika kaunti hizi mbili: mnunuzi wa Nairobi au Dubai aandike maneno matatu kwenye Google, aone jina la kikundi, apige simu, na broka abaki na lori lake. Tovuti ikishajengwa na simu isilie, hutokea fundi wa pili, anayesema kwamba tovuti peke yake haitoshi, lazima ipandishwe hadi juu ya orodha ya majibu. Wenyewe huiita kazi hiyo SEO.

Fundi huyo hasemi uongo, ila kazi yake ni ngumu kukaguliwa. Kiondo kilichosukwa kwa mkono mlegevu hujianika pale pale sokoni. Tovuti iliyopandishwa kwa hila huweza kung'ara miezi kadhaa kabla ya kuporomoka, na kufikia hapo aliyelipwa keshahama. Hata hivyo, mtu asiyejua kusoma msimbo wowote wa kompyuta anaweza kuipima kazi hii, mradi ajue pa kuangalia.

Swali la mnunuzi

Ushahidi ambao fundi dhaifu huutanguliza ni picha ya skrini ya simu yake: jina la kikundi limetokea la kwanza! Lingetokea tu. Jina ambalo hakuna mwingine analitumia halina mshindani, na anayeliandika tayari anakijua kikundi. Kazi hupimwa kwa maneno ya mtu ambaye hajawahi kukisikia. Neno "asali" pekee humtupa katikati ya mapishi, dawa za kienyeji na maduka ya dunia nzima. "Asali ya Mwingi bei ya kilo" huandikwa na watu wachache zaidi, lakini hao ndio walio karibu kununua. Fundi anayeijua kazi huketi kwanza na anayepokea simu za wateja, akaorodhesha maswali wanayouliza kwa maneno yao wenyewe, kisha akapanga kurasa kulingana na maswali hayo.

Ukambani, nchi ya kaunti hizi mbili, kuna mtego mwingine. Makao makuu ya Kaunti ya Makueni ni Wote, na mji mkuu wa upande wa kaskazini wa Kitui ni Mwingi. Majina yote mawili ni maneno ya kila siku ya Kiswahili, na mashine ya kutafuta inaweza kuyapita bila kujua kwamba ni miji. Fundi makini huandika "Wote, Makueni" na "mji wa Mwingi, Kaunti ya Kitui", hasa kwenye vichwa vya kurasa. Tena anajua kwamba wanunuzi wengi wa Kenya huandika maswali yao kwa Kiingereza. Hutenga ukurasa wa Kiswahili na wa Kiingereza, kila mmoja na anwani yake, badala ya kuchanganya lugha mbili katika aya moja akitumaini kunasa wote.

Ndani ya ukurasa

Kitu cha kwanza kukagua ni kichwa cha ukurasa, yale maandishi ya rangi ambayo mtafutaji huyabonyeza kwenye orodha ya majibu. Kikisema "Karibu" au "Nyumbani", kazi haijaanza. Kikisema "Maembe ya Apple na Kent kwa jumla, Kalamba, Makueni", mnunuzi ameshajua bidhaa ni ipi, inauzwa vipi na inatoka wapi kabla hajafungua chochote. Kila ukurasa uwe na kichwa chake. Tovuti ya kurasa kumi zenye kichwa kimoja imefanywa kwa pupa.

Bado wapo wanaotoza pesa kwa kuficha orodha ya maneno muhimu ndani ya msimbo wa ukurasa. Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiitumii orodha hiyo kupanga majibu. Fundi anayeiuza leo anauza bidhaa iliyokwisha muda.

Baada ya kichwa, yanakuja maandishi yenyewe, na hapa kipimo ni kimoja: je, ukurasa una habari ambayo mwenye biashara pekee angeweza kuitoa? Ukurasa wa maembe unaosema "maembe yetu ni matamu na yenye ubora wa juu" ungeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kukanyaga Makueni. Ulio mzuri hutaja aina za maembe, miezi ya kuvuna, tani zinazopatikana kwa wiki, umbali hadi barabara ya lami na jinsi matunda yanavyofungashwa. Hueleza pia kama shamba linatega nzi wa matunda, maana mnunuzi wa nje hawezi kulisahau jambo hilo. Mwaka 2014 Kenya ilijisimamishia yenyewe uuzaji wa maembe katika soko la Ulaya kwa sababu ya mdudu huyo, na Makueni ikawa mojawapo ya maeneo yaliyowekwa mbele katika kumdhibiti. Anayelieleza hilo kwa tarehe na kwa picha za mitego yake amejibu swali ambalo mnunuzi alikuwa bado hajaliuliza.

Asali nayo ina maswali yake. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji katika asali nyingi yasizidi asilimia 20, kwa kuwa asali yenye maji mengi huchachuka. Kikundi cha Mwingi kinachoandika kipimo cha maji cha mavuno ya mwaka huu, kikaeleza kama asali imetoka katika mizinga ya magogo au ya Langstroth, na nyuki walikuwa kwenye maua ya miti gani, kimeandika ukurasa ambao washindani hawawezi kuunakili bila kudanganya.

Kisha ukurasa usomwe kwa sauti. Maneno "asali Kitui" yakirudi mara sita katika aya moja, sikio litakataa hata kabla ya mashine. Zifunguliwe pia kurasa tatu au nne za tovuti hiyo hiyo. Kuna mafundi wanaotengeneza ukurasa mmoja wa Mutomo, mwingine wa Ikutha, wa Kyuso, wa Zombe, maandishi yale yale, jina la mji tu limebadilishwa. Machi 2024 Google ilitangaza sera kali zaidi dhidi ya maandishi yanayozalishwa kwa wingi ili kunasa watafutaji, yawe yameandikwa na mtu au na akili bandia. Hata wakubwa hawaponi: Februari 2006 tovuti ya Ujerumani ya BMW iliondolewa kwenye majibu ya Google kwa kuwa na kurasa zilizosheheni maneno kwa ajili ya mashine, huku msomaji akipelekwa kwingine.

Viungo na bei yake

Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, wazo lililowatofautisha na wengine lilikuwa kuhesabu viungo. Tovuti moja ikielekeza wasomaji wake kwa nyingine, hiyo ni kura, na kura ya tovuti inayoheshimiwa ina uzito zaidi. Penye kura hapakosi wanunuzi wa kura, na soko la viungo vya kununua lipo hadi leo. Bei ya "viungo elfu moja" hutangazwa waziwazi.

Kisa cha J.C. Penney kinatosha kuonyesha hasara yake. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba kampuni hiyo ya maduka ya Marekani ilikuwa ikiongoza majibu ya Google kwa bidhaa chungu nzima, ikibebwa na maelfu ya viungo vilivyopachikwa kwenye tovuti zisizohusiana nayo. Google iliishusha mara moja, na kwa baadhi ya maneno ikatoka nafasi ya kwanza hadi karibu na ya 70. Kampuni ilisema haikujua, ikamfukuza mkandarasi wake, lakini adhabu iliiangukia yenyewe. Aprili mwaka uliofuata Google ilileta sasisho la Penguin, lililoundwa kuwashusha wanaotumia viungo vya hila.

Kwa hiyo mkaguzi haulizi viungo ni vingapi. Anaomba orodha yake, ambayo Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, huitoa bure, na kwa kila kiungo anauliza kama kuna binadamu ambaye angekibonyeza. Kiungo kimoja kutoka ukurasa wa utafiti wa ufugaji nyuki wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichoko Kwa Vonza, kingekuwa na maana kwa kikundi cha Kitui kuliko mia tano kutoka tovuti za kamari za nchi ambazo hazijawahi kuonja asali hiyo. Viungo vya namna hiyo hupatikana kwa kuwa na kitu cha kuelekezwa: takwimu za mavuno, picha halisi, mafunzo kwa wakulima.

Simu, bando na subira

Google ilitangaza mwaka 2016 kwamba itaanza kuzipima tovuti kwa sura yake ya simu badala ya ya kompyuta, na ilikamilisha hatua hiyo Oktoba 2023. Uamuzi huo unaifaa Ukambani. Vipimo vya Google vya wepesi wa ukurasa navyo viko wazi: kipande kikubwa zaidi cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie kidole ndani ya milisekunde 200, na maandishi yasirukeruke wakati picha zinapakia. Angalau robo tatu ya ziara za wasomaji zitimize hayo.

Mkaguzi asikubali onyesho la ofisini kwenye kompyuta ya fundi. Achukue simu ya bei nafuu hadi soko la Mutomo au la Kyuso, afungue ukurasa kwa bando la kawaida, ahesabu. Mara nyingi mkosaji ni picha ya embe iliyopakiwa ilivyotoka kwenye kamera, nzito kuliko kurasa zote nyingine zikijumlishwa.

Ramani ya barabara kuu

Kwa hoteli za Emali, Makindu na Mtito Andei, nusu ya vita iko kwenye ramani. Msafiri wa barabara ya Nairobi kwenda Mombasa anayetafuta chakula hutazama ramani kwanza, na Google husema hupanga majibu hayo kwa vigezo vitatu: jinsi biashara inavyolingana na swali, umbali, na umaarufu. Wasifu wa biashara hufunguliwa bure. Kazi nzuri huonekana kwa alama iliyokaa penye lango hasa, saa za kufungua zilizo sahihi hata siku za sikukuu, nambari ya simu iliyo sawa na ile ya tovuti, na majibu ya kiungwana kwa wanaolalamika. Maoni thelathini ya nyota tano yaliyoandikwa wiki moja na watu wasiotaja hata chakula walichokula ni dalili ya kununuliwa, na Google inayakataza.

Jiwe la Nzambani, karibu na mji wa Kitui, ni mtihani mzuri wa ufundi huu. Kurasa nyingi hurudia hadithi kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia. Nyumba ya wageni inayoirudia tu haijaongeza kitu. Inayoeleza hali ya barabara wakati wa mvua, ngazi za kupandia, ada ya siku hiyo na saa nzuri ya kupiga picha ndiyo yenye sababu ya kutangulia.

Ripoti na funguo

Hakuna anayeweza kuahidi nafasi ya kwanza, na Google yenyewe imeliandika hilo katika mwongozo wake kwa wanaotafuta mafundi. Husema pia kwamba matokeo kwa kawaida huchukua kati ya miezi minne na mwaka mmoja. Fundi wa "wiki mbili" ameshajieleza.

Ripoti nayo isomwe kwa akili ya mkulima. Maembe ya Makueni huvunwa zaidi kati ya Desemba na Machi, na wanaoyatafuta huongezeka vivyo hivyo. Fundi anayelinganisha Agosti na Januari, kisha akadai amezidisha wageni, amejipa sifa za msimu. Januari ilinganishwe na Januari iliyopita, na Search Console huhifadhi takwimu za miezi 16, hivyo ulinganisho huo unawezekana. Nafasi ya wastani na idadi ya mibonyezo zisaidie tu kusoma hesabu iliyo kubwa zaidi: simu ngapi za wanunuzi zimepigwa.

Kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, kila kikundi kidai mambo mawili kwa maandishi. Anwani ya tovuti ya .co.ke isajiliwe kwa jina la kikundi, na akaunti za Search Console na za wasifu wa ramani zimilikiwe na kikundi, fundi akipewa tu ruhusa ya kufanya kazi. Fundi anayekataa masharti hayo asiajiriwe, hata kama tovuti zake zote ziko ukurasa wa kwanza.