adidas na ahadi ya 2050: tuulize njia, si mwaka tu

Ndugu zangu wanafunzi na wenye licence, leo ninachambua sentensi moja tu. Kampuni ya adidas, yenye viatu na jezi zake wote tunazijua, iliandika kwenye tovuti yake kwamba ikifika 2050 haitakuwa tena na madhara kwa hali ya hewa. Shirika la mazingira la Ujerumani, Deutsche Umwelthilfe, likaishitaki. Mwezi wa 3 mwaka 2025 tribinali ya Nürnberg-Fürth ikakata: tangazo lile linapotosha mnunuzi.

Juu ya nini? Si kwamba adidas inachafua kuliko wengine. Tribinali ilisema mnunuzi hakuelezwa njia. Neno lile lina maana mbili: ya kwanza, moshi wenyewe umepungua. Ya pili, moshi unaendelea, lakini kampuni inanunua vyeti vya kaboni, yaani inalipa mtu mwingine mahali pengine apande miti ao alinde msitu. Mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo. Mwaka 2024 tribinali kuu ya Ujerumani ilikuwa imeshasema vile kwa kampuni ya bombo, Katjes: ukitumia neno lile, eleza palepale kwenye tangazo.

Siye wa agronomia, mtu akituletea plan ya shamba yenye kusema tu “mavuno yataongezeka mara mbili”, tunauliza: mbegu gani? Mbolea gani? Hekta ngapi? Unalinganisha na msimu gani? Bila majibu, ile si plan, ni maombi. Ahadi ya 2050 ilikuwa maombi.

Tuwe wa haki lakini. Kampuni ile ile ilikuwa na lengo lingine lenye akili: kupunguza gesi kwa 30% mbele ya 2030 ukilinganisha na 2017, katika mnyororo wote wa kazi yake. Pale mwaka wa kuanzia uko, kiasi kiko, na tunajua nini kinahesabiwa. Ilisema pia kwamba wenye kuiuzia bidhaa moja kwa moja waache kuchemsha maji kwa makaa ya mawe. Ile njo lengo: unaweza kwenda kwenye kiwanda na kuangalia kama mashine iko ao haiko.

Mnyororo wote njo neno kubwa hapa. Hesabu za kaboni zinagawanywa katika mafungu 3: moshi unaotoka kwako mwenyewe, moshi wa umeme unaonunua, na moshi wa watu wote wanaokufanyia kazi, mpaka mnunuzi wa mwisho. Adidas karibu haina viwanda vyake. Viatu vinashonwa Vietnam, Indonesia na China, katika viwanda vya watu wengine. Kwa hiyo mkubwa akisema “ofisi zetu zinatumia umeme wa jua”, amepiga deki sebuleni tu. Uchafu uko jikoni.

Jirani yake aliliona zamani. Puma iko katika mji ule ule wa Herzogenaurach. Mwaka 2011, chini ya Jochen Zeitz, ilitoa hesabu ya madhara yake yote ya mwaka 2010, si kaboni peke yake, na maji na ardhi pia, ikayageuza kuwa pesa. Jumla ilikuwa euro milioni 145. Kazi zake yenyewe: milioni 8 tu. Zilizobaki zote, milioni 137, zilitoka kwa wenye kuiuzia bidhaa. Na zaidi ya nusu, 57%, ilitoka mwisho kabisa wa mnyororo: kwenye malisho ya ng’ombe wa ngozi, shamba la pamba, shamba la mpira. Wenzangu wa agronomia, mmeona? Kiatu kinaanza shambani. Mtu akiandika lengo la hali ya hewa bila kutaja udongo, ng’ombe na maji, ameruka zaidi ya nusu ya hesabu.

Kitu kingine kinatuhusu siye Wakongomani. Kampuni yoyote ikichagua njia ya vyeti, vyeti vinatafutwa kwenye misitu kama yetu. Mradi wa Mai-Ndombe umeuza vyeti vya namna ile kwa makampuni ya nje. Maana yake, sentensi moja ya tangazo Ulaya inaweza kufika mpaka kwa mkulima wa kijijini, mwenye anaombwa asikate tena msitu ili alime. Yeye anabadilisha maisha yake msimu huu. Mwenye kuandika tangazo amejipa mpaka 2050. Mimi naona ule mgawanyo si wa haki, hata kama msitu unastahili kulindwa.

Wengi wetu tutaandika miradi na rapori kwa mashirika. Sentensi za namna ile zinaingia mkononi haraka, juu zinapendeza mfadhili. Mbele ya kuandika mwaka wa mwisho, tuandike mwaka wa kuanzia, kiasi, nani anahesabu, na nani atafanya kazi yenyewe. Nanyi mkisoma rapori ya kampuni yoyote, muanze na fungu la 3. Ukikuta ukurasa ule mfupi kuliko picha za miti, umeshapata jibu.